Mvua iko duara lipi? Saikedeliki na hisia ya kuwa kitu kimoja na maumbile

Nilikuwa jikoni kwa mama, Lushoto, siku ya mvua, nikamchorea maduara mawili nyuma ya karatasi ya bei za mbolea. Moja nikaliandika "mimi", la pili "maumbile". Nikaendelea kuchora mpaka zikatimia jozi saba. Katika jozi ya kwanza maduara yameachana kama watu waliogombana. Ya pili yamegusana. Yanazidi kuingiliana hivyo hivyo hadi jozi ya saba, ambapo moja limelala juu ya jingine na huwezi kusema lipi ni lipi. Nikamwomba achague jozi inayomfaa.

Alitazama karatasi, akatazama nje, akarudi kwenye karatasi. "Hili ni mimi," akasema. "Haya, hili jingine ni nini hasa? Shamba? Msitu? Au hao nguruwe wanaonimalizia viazi?" Nikamwambia ni vyote kwa pamoja. Akafikiri kidogo. "Na hii mvua, mwanangu, iko duara lipi?"

Sikuwa na jibu. Lakini mchoro ule si wangu, ni kipimo cha kisayansi alichokibuni mwanasaikolojia Mmarekani Wesley Schultz mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vipimo vya ukoo huo ndivyo vilivyozaa dai linalozungumzwa sana siku hizi: kwamba mtu akitumia dawa za jamii ya saikedeliki, hata mara moja tu, anaweza kutoka akijiona yuko karibu zaidi na miti, wanyama na udongo, na hali hiyo ikadumu kwa miezi, pengine miaka. Wapo wanaolishangilia kana kwamba tiba ya mabadiliko ya tabianchi imepatikana. Wapo wanaosema ni ulevi uliovalishwa koti jeupe la maabara. Baada ya kusoma tafiti zenyewe, naona pande zote mbili zimejikwaa kwenye jiwe moja: zote zinadhani kwamba hayo maumbile yamo ndani ya dawa.

Tuweke majina sawa kwanza. Neno saikedeliki lilibuniwa na daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond katikati ya miaka ya 1950, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kudhihirisha nafsi. Kundi hili lina LSD. Psilosaibini, iliyomo ndani ya aina fulani za uyoga. Meskalini, ya mmea usio na miiba wa jamii ya dungusi kakati uitwao peyote. Na DMT, iliyomo katika kinywaji cha Amazon kiitwacho ayahuasca. Bangi haimo, heroini haimo, mirungi haimo. Kisheria hata hivyo zimewekwa pabaya kuliko nyingi ya hizo: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliziingiza kwenye jedwali lake kali kabisa, na kwetu Tanzania na Kenya kukutwa nazo ni kesi ya dawa za kulevya, bila mjadala.

Neno la pili ni hilo maumbile. Hapa Kiswahili kimetufanyia hisani, kwa sababu kina maneno mawili pale ambapo lugha nyingine zinahangaika na moja. Ukisema mazingira umelitoa kwenye kuzingira: kuna kitu kimekuzunguka, na wewe uko katikati, kama mgeni aliyezungukwa na watoto wa kijiji. Ukisema maumbile umelitoa kwenye kuumba: wewe, mbuyu na siafu mmetoka mkono mmoja, mko foleni moja. Serikali zetu zina sheria za mazingira. Sheria ya maumbile sijawahi kuisikia.

Nimelileta hili kwa sababu ya mgonjwa mmoja wa London. Mwaka 2017 Rosalind Watts na wenzake wa Imperial College walichapisha mahojiano na wagonjwa 20 wa sonona sugu waliokuwa wamepewa psilosaibini. Wengi walizungumzia kuunganishwa upya: na nafsi zao, na watu, na dunia. Mmoja alieleza kwamba zamani alifurahia mandhari, lakini aliyatazama kama televisheni au picha ya ukutani. Sasa anajiona yumo ndani yake, hakuna utengano. Kwa Kiswahili ningesema mtu yule aliingia kliniki akiwa na mazingira, akatoka akiwa na maumbile.

Tarakimu zinasema nini

Simulizi ya mtu mmoja ni simulizi. Twende kwenye hesabu.

Mwaka 2018 Taylor Lyons na Robin Carhart-Harris, nao wa Imperial College, walitoa matokeo ya wagonjwa 7 wa sonona waliopewa psilosaibini mara mbili, miligramu 10 kisha 25. Wiki moja baadaye alama zao za ukaribu na maumbile zilikuwa zimepanda, na zilipopimwa tena kati ya mwezi wa 7 na wa 12, bado zilikuwa juu. Wenzao 7 wasiopewa dawa hawakubadilika. Matokeo mazuri, ila kumbuka ni watu saba. Hiyo ni timu moja ya netiboli, bila hata wa akiba.

Mwaka mmoja kabla yake, Matthias Forstmann na Christina Sagioglou walikuwa wamewauliza watu 1,487 kupitia mtandao. Waliowahi kutumia saikedeliki maishani walielekea zaidi kusema kwamba wanatunza maji, wanatenganisha taka, wananunua kwa kujali mazingira. Na kilichoelekea kuunganisha mambo hayo mawili ni kule kujiona sehemu ya maumbile. Watafiti walijaribu kuondoa athari za vileo vingine na za tabia ya mtu, na uhusiano ukabaki.

Utafiti unaotajwa kuliko yote ni wa 2019, wa Hannes Kettner, Sam Gandy na wenzao. Waliwapata watu 654 ambao tayari walikuwa wamepanga kutumia saikedeliki kwa hiari yao, wakawapima wiki moja kabla, kisha wiki 2 baada, wiki 4 baada, na miaka 2 baada. Alama zilipanda, na zikabaki juu hata miaka miwili ilipotimia. Zilipanda sambamba na ustawi wa kiakili kwa ujumla.

Sasa shida. Ya kwanza ni ile ya kuku na yai. Mtu anayepanga safari hadi Peru kwenda kunywa ayahuasca hakuamka tu asubuhi moja akakata tiketi; mara nyingi ni mtu wa misitu tangu mwanzo, na amesoma habari nyingi za waliotoka huko wakiipenda dunia. Amekwenda na jibu mfukoni. Kwenye majaribio ya dawa za kawaida tatizo hili hutatuliwa kwa kumpa nusu ya watu dawa bandia bila wao kujua. Hapa haiwezekani kirahisi: baada ya saa moja aliyepewa bandia ameshajua, maana dari bado ni dari. Halafu wengi huacha kujibu njiani, na wanaobaki hadi mwisho huenda ndio waliofurahi. Na zile tabia njema za kutunza maji ni watu wamesema wenyewe kuwa wanazo. Hakuna aliyekwenda kusoma mita.

Shida nyingine inanichekesha kidogo, nayo ni maswali yenyewe. Kipimo kinachotumika sana katika tafiti hizi kilitengenezwa Kanada na Elizabeth Nisbet na John Zelenski, na toleo lake fupi lina kauli sita ambazo mtu anaonyesha anakubaliana nazo kwa kiasi gani. Moja inasema kwamba mahali anapopenda zaidi kwenda likizo ni nyikani, mbali na watu. Nyingine inasema kwamba huwatambua wanyamapori popote alipo. Mama yangu hajawahi kwenda likizo. Kuhusu wanyamapori, mkulima anayelala kwenye dungu msimu mzima akilinda mahindi dhidi ya ngedere huwatambua kuliko profesa yeyote. Angepata alama zote za swali hilo, kwa sababu ambayo waandishi wa kipimo hawakuifikiria. Hata hivyo sikitupi. Kipimo kibovu kikitumika kwa mtu yule yule kabla na baada, bado kinaweza kuonyesha kuwa kitu kimesogea. Swali ni kitu gani.

Kondakta na abiria mgeni

Ndani ya ubongo jambo linaanzia kwenye serotonini, kemikali ambayo chembe za neva hutumia kupashana habari. Molekuli za saikedeliki zinafanana nayo kiasi cha kuweza kukaa kwenye vipokezi vyake, hasa kipokezi kiitwacho 5-HT2A. Mwaka 1998 Franz Vollenweider na wenzake wa Zürich walionyesha kwamba ukikiziba kipokezi hicho kwa dawa nyingine kwanza, kisha ukampa mtu psilosaibini, maono hayaji. Huo ndio mlango.

Kinachotokea baada ya mlango kufunguka kinahitaji maelezo marefu kidogo. Ubongo hauipokei dunia kama kamera. Unakisia, kisha unasahihisha pale tu makisio yanapokosea. Mfikirie kondakta wa daladala aliyezoea njia. Hasomi vibao. Amegeukia nyuma, anahesabu chenji, anabishana na mwanafunzi, na bado anajua kwamba Magomeni imefika. Abiria mgeni ndiye anayechungulia dirishani kila kituo, anaona kila duka, kila mwembe. Mtu mzima ni kondakta wa maisha yake mwenyewe: mti ni mti, twende. Carhart-Harris na Karl Friston walipendekeza mwaka 2019 kwamba saikedeliki hulegeza yale makisio makubwa yaliyokomaa, na kwa saa kadhaa kondakta anarudi kuwa abiria mgeni.

Na kisio kubwa kuliko yote ni "mimi". Kuna mtandao wa sehemu za ubongo unaochangamka zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu mkononi, anapojisemea moyoni: jana nilikosea wapi, watu wananionaje, ada ya Januari itatoka wapi. Mwaka 2012 timu ya Carhart-Harris iliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwapa psilosaibini kwa njia ya mshipa. Walitarajia ubongo uwake kama mji wa sikukuu. Badala yake mtiririko wa damu ulishuka, hasa kwenye vitovu vya mtandao huo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba wakati huo huo sehemu ambazo kwa kawaida hazizungumzi sana huanza kuzungumza. Wenyewe waliopitia husema ukingo wa nafsi uliyeyuka, wakashindwa kujua wao wanaishia wapi na blanketi linaanzia wapi.

Ni maelezo mazuri, na yanafaa kiasi. Lakini kutafakari kimya kwa miaka mingi nako hupunguza kazi za mtandao huo. Kwa hiyo kuyeyuka kwa nafsi peke yake hakuelezi kwa nini mmoja anakutana na miti, mwingine na marehemu babu yake, mwingine na Mungu, na mwingine na hofu tupu. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kupitia mradi wake wa MK-Ultra ulioanza 1953, liliwapa watu LSD kwa siri, wengine bila wao kujua. Molekuli ilikuwa ile ile. Kumbukumbu za mradi ule ni za woga na kuchanganyikiwa. Wa kukumbatia miti sijamwona humo.

Kettner na wenzake walilikuta jambo hilo kwenye takwimu zao. Ukaribu na maumbile uliongezeka kulingana na mambo mawili: nafsi ya mtu iliyeyuka kiasi gani, na yeye mwenyewe aliona mandhari ya asili yalimgusa kiasi gani saa ile. Ukuta ukibomoka, kinachoingia ni kile kilichokuwa kimesimama nje.

Bustani ya Basel

Ushahidi ninaoupenda zaidi kwa hoja hii unatoka kwa aliyeitengeneza LSD mwenyewe. Albert Hofmann alikuwa mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi. Aliitengeneza LSD mwaka 1938 kutokana na kemikali za kuvu anayeota kwenye masuke ya ngano-nyeusi (rye), akiwa anatafuta dawa ya mzunguko wa damu, kisha ikawekwa pembeni miaka mitano. Aprili 1943 aliirudia, ikamwingia kwa bahati mbaya, akahisi hali ngeni. Siku tatu baadaye, tarehe 19, akanywa mikrogramu 250 kwa makusudi, kipimo alichodhani ni kidogo mno. Hakikuwa kidogo. Alirudi nyumbani kwa baiskeli akiwa na msaidizi wake, na alipofika fanicha zilikuwa zimegeuka viumbe vya kutisha na jirani aliyemletea maziwa ameonekana mchawi. Alidhani anakufa au amerukwa na akili. Wapenzi wa saikedeliki huisherehekea siku hiyo kila mwaka kwa baiskeli. Nadhani wanaisoma nusu ya hadithi.

Asubuhi iliyofuata Hofmann alitoka bustanini. Mvua ya majira ya kuchipua ilikuwa imenyesha, jua limetoka, na kila kitu kilimeta kana kwamba kimeumbwa upya. Hilo alilitambua, kwa sababu lilikuwa limemtokea kabla. Akiwa mtoto, asubuhi moja ya mwezi Mei kwenye msitu ulio juu ya mji wa Baden, bila kunywa chochote, msitu ulimwangaza ghafla kwa uzuri usio na maneno, akajiona ameingizwa ndani yake. Aliandika uzeeni kwamba tukio hilo la utotoni ndilo lililouelekeza mtazamo wake wa dunia. Dawa ilikuja kumkuta mtu ambaye msitu ulikuwa umeshamwita.

Walioijua kabla ya maabara

Watafiti wa London wanapozungumzia muktadha, wanamaanisha muziki, taa hafifu, mtu wa kukushika mkono. Kwa Wamazateki wa milima ya Oaxaca, Mexico, muktadha ni kitu kipana zaidi.

Usiku wa tarehe 29 Juni 1955, katika mji wa Huautla de Jiménez, mganga María Sabina alimkubalia mgeni aingie kwenye kesha la uyoga. Mgeni huyo, R. Gordon Wasson, alikuwa makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan mjini New York, na uyoga ulikuwa mapenzi yake ya pembeni. Alimwambia mganga kwamba ana wasiwasi na mwanawe, anataka kujua hali yake. Hapo lilipo jambo: sababu hiyo ilikuwa ya lazima. Katika mila ile uyoga huliwa kwa sababu kuna mgonjwa, au kuna aliyepotea, au kuna neno linalotafutwa. Uyoga, ambao mganga aliuita watoto watakatifu, ulifukizwa, ukahesabiwa kwa jozi, ukaliwa gizani, kisha yeye akaimba na kupiga makofi hadi karibu na alfajiri. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba kabla ya wageni kuja hakuna aliyekula uyoga ili tu kumtafuta Mungu. Walikula ili wagonjwa wapone.

Wasson aliandika habari hizo kwenye jarida la Life, Mei 1957. Alibadili jina la mganga, haikusaidia. Vijana wa Marekani na Ulaya wakafurika Huautla, polisi wakafuata, wanakijiji wakamlaumu mama yule, na nyumba yake ikachomwa moto. Kuna kisa kimoja kinachovuruga hadithi nyepesi za "mmea dhidi ya kidonge": mwaka 1962 Hofmann, aliyekuwa ameshaichuja psilosaibini kutoka kwenye uyoga ule, alimpelekea María Sabina vidonge vilivyotengenezwa maabara. Alivijaribu katika kesha, akasema vina nguvu ile ile. Kwake tatizo halikuwa maabara. Tatizo lilikuwa watu waliokuja bila mgonjwa.

Karibu zaidi na sisi ipo Gabon, na mti mdogo uitwao iboga. Ibogaini, kiini chake, haimo hasa katika kundi la LSD na psilosaibini, ila hupanua hoja. Katika dini ya Bwiti, anayeingizwa hula maganda ya mzizi, machungu kupindukia, usiku kucha, huku kinubi cha nyuzi nane kikilia. Anayeongoza huitwa nganga, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa neno hilo. Anachotarajiwa kukutana nacho mwanafunzi ni wahenga wake. Ukimpa kipimo cha Kanada atajaza nini? Kwake msitu na waliotangulia haviko kwenye maduara mawili tofauti, na sina hakika kwamba wafu wamo kwenye neno "mazingira", ingawa katika maumbile wanaweza kuwamo.

Wawixárika wa magharibi mwa Mexico husafiri hadi jangwa la Wirikuta kuifuata peyote, na wakiiona ya kwanza huilenga kwa mshale. Wanaiwinda. Kwao peyote, mahindi na kulungu ni kitu kimoja. Watu hao hao wamesimama mahakamani kupinga machimbo ya fedha katika ardhi hiyo. Hapo hisia ya kuwa kitu kimoja na mmea ilikuja na kazi ya kufanya, na kazi ilikuwepo kabla ya hisia.

Ndiyo maana nilisema maumbile hayamo ndani ya dawa. Pwani ya Kenya, wazee wa kaya za Mijikenda wamelinda misitu yao kwa karne nyingi bila kuhitaji uyoga wa namna hiyo, na mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha baadhi ya kaya hizo kuwa urithi wa dunia. Ukiingia Kaya Kinondo utafungwa nguo nyeusi kiunoni, na utaambiwa usitoke na kitu, hata kijiti kikavu. Hakuna atakayekuuliza unajihisije. Watakuuliza umekanyaga wapi.

Wanaoipenda dunia hadi kuimaliza

Haya yakiwa hivyo, kuna kioja. Peyote huota polepole mno, yaweza kupita miaka kumi na zaidi kabla haijakomaa, na kusini mwa Texas imepungua kwa malisho, mashamba, mitambo ya nishati na mavuno mabaya. Waumini wa Kanisa la Wenyeji wa Amerika, ambao sheria ya Marekani ya 1994 iliwalinda watumie peyote katika ibada, sasa wanashindania mmea wao na watafutaji wa mwangaza kutoka mijini. Iboga huchukua miaka kadhaa kabla mzizi wake haujafaa, na kuuchimba mzizi mara nyingi ni kuua mti. Gabon iliutangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, lakini wachimbaji haramu hawasomi matangazo. Kuna hata chura wa jangwa la Sonora, ambaye tezi zake hutoa saikedeliki kali. Amekamatwa na kukamuliwa kiasi kwamba mwaka 2022 idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ililazimika kuwaomba wageni, kwa maandishi, wasimlambe.

Mtu anatoka kwenye safari ya namna hiyo akiwa na alama saba kati ya saba, maduara yamelaliana kabisa, na nyuma yake kuna chura mmoja pungufu.

Watafiti makini wanalijua hili. Gandy na wenzake wamependekeza mimea iingizwe kwenye vyumba vya tiba, na wagonjwa watolewe bustanini au msituni kabla na baada ya dozi. Ni wazo jema, na ni rahisi kulijaribu. Mimi ningeongeza jambo moja: pimeni pia kundi linalopelekwa msituni bila dozi. Na msiishie kwenye karatasi ya maswali. Rudini baada ya mwaka mkaone mtu huyo amepanda nini.

Kwa msomaji ambaye tayari ameanza kuangalia uyoga wa nyuma ya nyumba kwa jicho jipya: acha. Uyoga wa porini unaofanana na ule wa maono upo unaomaliza ini kwa siku chache, na kuutofautisha si kazi ya kubahatisha. Majaribio ya hospitali huwachuja kwanza watu wenye historia ya magonjwa kama skizofrenia katika familia, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuyaamsha. Na ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, imeshaua.

Kusini mwa Texas, taasisi ya uhifadhi inayoongozwa na wenyeji wenyewe imenunua ardhi ili peyote iote tena, na kuna namna ya kuivuna inayofundishwa. Mmea hauonekani kirahisi: kibonge cha kijani kisichozidi kiganja, kimelala usawa wa udongo chini ya kichaka cha miiba. Mvunaji hupiga magoti. Kisu hupita kimelala, sambamba na ardhi, kikiondoa kichwa peke yake. Ukikata chini zaidi ya hapo, umeua. Ukikata vizuri, mzizi unabaki ardhini, na baada ya muda huchipua vichwa viwili au vitatu pale palipokuwa na kimoja. Halafu unasubiri miaka, na katika miaka hiyo unaangalia mvua.